Kibendera Alichoinua Baba

Kocholia,
S.L.P. Malaba.
9 Machi 1975

Kaka Paulinus,

Yoga noi, wewe na wifi Millicent. Sisi huku tunaendelea. Mvua ilianza Jumanne, na shamba la juu tumelipanda mahindi mimi na Mama, kwa sababu Baba hawezi kushika jembe. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Bibi Akurut anauliza kila siku kama Nairobi nako kumenyesha. Matokeo ya kidato cha nne yametoka na nimepata daraja la pili. Mwalimu aliposoma majina kwa sauti nilijificha nyuma ya rafiki yangu Eucabeth.

Mkono wa Baba umevunjika mahali pawili, kati ya kiwiko na bega. Ni ule wa kulia. Amefungwa plasta na daktari amesema si chini ya wiki nane. Kanisani anafanya ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto, na watoto wa katekista wanamcheka.

Sasa naandika jambo lenyewe. Nimechana karatasi tatu kabla ya hii.

Alhamisi ilikuja bahasha ya kamati ya marefa ya mkoa. Unajua karatasi za Kiingereza Baba hunipa mimi nimsomee. Ndani yake kulikuwa na nakala ya ripoti yako ya fainali ya Malaba na Busia kule Burumba, ile ya tarehe 23 Februari. Nilisoma vizuri mpaka nikafika kwenye goli la Malaba. Umeandika kwamba ulilikubali kwa sababu mshika kibendera, Bwana Callistus Oluka, hakuinua kibendera kuonyesha kuwa mchezaji ameotea. Bwana Callistus Oluka. Umemwandika kama mtu mliyekutana naye siku hiyo.

Baba akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma tena. Akasema, "Haya, endelea." Alikuwa amegeukia dirisha, sikuona uso wake.

Kaka, Baba aliinua. Mimi nilikaa hatua nne nyuma yake na chupa yake ya maji.

Kamati itakaa Kakamega tarehe 14 Juni kuamua kama jina lake lifutwe katika orodha ya marefa. Amekuwamo miaka ishirini na miwili. Babu aliwapulizia mapadri filimbi kule Chakol, Baba akafuata, nawe ukafuata, na watu wa hapa hutuita boma la filimbi. Baba akifutwa kwa kosa ambalo si lake, atakuwa amefutwa na mkono wako.

Ulipanda lori la Nairobi asubuhi iliyofuata bila kupita hospitali. Hilo sikuulizi. Nakuomba uiandikie kamati usahihishe, wakati nafasi ipo. Nisamehe kama maneno ni makali. Unajua siwezi kuyasema mtu akinitazama.

Mdogo wako,
Benta Amoit


Nairobi,
6 Aprili 1975

Mdogo wangu Benta,

Barua yako ilinifikia na nilimsomea Millicent habari za daraja la pili. Alipiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza. Yeye ni mjamzito, huu ni mwezi wa tano, na miguu inamvimba. Hapa posta tunapanga barua mpaka vidole vinanuka wino. Jumapili iliyopita nilipuliza mechi ya ligi mbele ya watu elfu nane, na hakuna aliyerusha hata ganda la chungwa.

Mkono wa Baba umeniuma sana. Nimempa Wabwire, yule dereva wa lori la mafuta, blanketi na dawa ya kuchua. Atapita Malaba wiki ijayo.

Kuhusu ripoti, ripoti ya refa huandikwa na refa. Huandikwa siku ile ile, ikatiwa sahihi, ikawa imekwisha. Wewe ulikuwa umekaa na wasichana wenzako, na jua lilikuwa kali. Baba mwenyewe hajaniandikia neno. Kama aliyeshika kibendera hajalalamika, wewe unamlalamikia nani?

Nikwambie jambo usilolijua. Mwezi wa saba majina mawili yatapelekwa kuombewa beji ya refa wa kimataifa, na nimesikia moja ni langu. Hebu fikiria Babu angesema nini, na Baba ataheshimiwa namna gani pale Malaba.

Tena nimezungumza na mkubwa wangu juu yako. Mwezi wa tisa kuna nafasi ya mafunzo ya kuunganisha simu. Wanataka wasichana watulivu, wasio na maneno mengi. Nikamwambia ninaye mmoja.

Msalimie Mama, na umwambie Bibi huku kumenyesha.

Kaka yako,
Paulinus


Kocholia,
27 Aprili 1975

Kaka Paulinus,

Tunamshukuru Mungu kwa habari za wifi. Mama anasema akae na miguu juu, na apunguze chumvi. Mahindi yamefika magotini. Blanketi lilifika. Baba alilikunja akaliweka juu ya kabati, na liko huko mpaka leo.

Jumatano nilipeleka nyanya soko la Malaba. Mama mmoja wa Busia, muuza samaki, akanitambua. "Huyu si wa boma la filimbi?" akasema. "Dada, nipimie nyanya, lakini usiinue halafu ushushe."

Wakacheka. Mfanyabiashara mmoja kutoka Tororo akasema, "Bambi, maskini, mwacheni mtoto. Si yeye alishika bendera."

"Aa, si wako wote kazini? Mzee anashika, kijana anapuliza, huyu anabeba maji. Hiyo ni kampuni," yule mama akajibu.

Mimi ni yule msichana mtulivu uliyemsifia kwa mkubwa wako. Niliacha nyanya pale pale nikarudi nyumbani kwa miguu, na njiani nikawajibu wote. Sasa nakujibu wewe.

Umeandika jua. Jua lilikuwa nyuma yetu, na sikukaa na wasichana. Ilikuwa dakika ya sabini na moja. Mpira ulipigwa, namba tisa wa Malaba alikuwa amebaki na golikipa peke yake, na Baba akainua kibendera. Hakukitikisa, kwa sababu Babu alisema kutikisa ni kumfokea refa. Alikiinua na kukishika wima. Nilihesabu moyoni mpaka sita. Wewe ulikuwa umetupa mgongo, unaonyesha katikati. Baba alipoona umekubali goli, akakishusha polepole.

Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Wewe mzee, umeinua, mbona unashusha?"

"Refa ameamua," Baba akasema bila kugeuka.

"Refa ni mtoto wako."

"Uwanjani sina mtoto."

Ndipo mashabiki wa Busia wakavunja benchi. Baba hakukimbia. Alikuwa anaangalia mpira unaanzishwa katikati walipompiga na mguu wa benchi.

Nimeurudia mchezo wote kichwani, kaka. Kila mpira ulipovuka katikati wewe ulimtazama Mwalimu Titus, mshika kibendera wa pili, kwenye mstari wake. Mstari wa Baba hukuutazama hata mara moja. Wewe uliyefundishwa hapa uani, tangu darasa la pili, kukimbia huku umegeuza shingo kushoto na kulia mpaka kuku wakakuzoea. Kwa hiyo huwezi kujua kama hakuinua. Umeandika jambo usiloliona. Katika boma hili mtoto alichapwa zaidi kwa hilo kuliko kwa kuiba sukari.

Ulitazama au hukutazama? Nijibu hilo tu. Ile nafasi ya simu mpe mwingine.

Benta Amoit


Kocholia,
18 Mei 1975

Kaka,

Wazima wote. Ndama ameanza kula majani. Barua yangu ya Aprili hukuijibu, na wewe unafanya kazi posta, kwa hiyo usiniambie imepotea.

Plasta imetolewa. Mkono wa Baba haupandi juu ya bega.

Jana nilimuuliza atasema nini Kakamega.

"Nitasema sikuinua."

"Lakini Baba, uliinua."

"Refa ameandika. Mshika kibendera habishani na refa wake."

"Hata refa akikosea?"

"Hasa akikosea." Kisha akaniambia nimpelekee ndama maji.

Umemfanya Baba awe tayari kusema uongo mbele ya watu, na yeye anaona ni sheria ya kazi. Nina hasira. Bado wiki nne.

Benta


Nairobi,
3 Juni 1975

Benta,

Millicent amelazwa tangu Ijumaa kwa ajili ya damu kupanda. Usimwambie Mama. Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi la wageni hospitalini, kwa hiyo usishangae mwandiko.

Unauliza kama hakimu. Haya. Wewe ni kitinda mimba, hakuna aliyewahi kukutupia jina la mtu. Mimi tangu mechi yangu ya kwanza ni mtoto wa Oluka. Nikipuliza vizuri, Baba amenifundisha. Nikikosea, Baba amenituma. Nilikuja Nairobi ili niwe Paulinus basi. Halafu nikaja likizo ya siku kumi, refa aliyepangiwa fainali akaugua, wakanifuata nyumbani. Kufika Burumba nakuta Baba yuko kwenye mstari. Katibu wa timu ya Busia akaniambia mbele ya wachezaji wote, "Karibu, refa wa kibendera cha mzee. Yeye anaonyesha, wewe unapuliza." Wakacheka mpaka wale wa Malaba. Nikamwambia, leo utaona. Nikaapa moyoni sitageuza macho upande ule hata mara moja, na sikugeuza.

Umeridhika? Ulitaka niandike hivyo kwenye ripoti? Kwamba refa wa ligi hakumtazama mshika kibendera wake kwa sababu alichekwa? Wangenifuta kabla wino haujakauka.

Na usifikiri Baba ni mtoto mdogo wa kutetewa. Mchezo ulipovunjika nilimfikia pale chini alipokuwa amekaa, mkono unaning'inia. Aliniambia neno moja: "Andika ripoti yako, uende." Mpaka leo sijui alikuwa ananifukuza au ananificha. Nikaandika nilivyoandika, nikaenda.

Choma barua hii. Na Kakamega usije ukafika.

Paulinus


Kocholia,
15 Juni 1975

Kaka,

Wifi anaendeleaje? Mama sijamwambia, ila ananiuliza kwa nini siku hizi nasali kwa sauti.

Jana nilikwenda Kakamega. Baba hakutaka, lakini hawezi kufunga tai kwa mkono mmoja wala kuzisoma karatasi zao, akanikubali kwa hayo mawili. Barua yako ilikuwa kwenye mfuko wa gauni. Sikuichoma.

Mezani walikuwa wazee watano na karani. Wakamuuliza Baba, naye akasimama wima, mkono umekunjwa kifuani. "Sikuinua," akasema. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine mwenye neno, huku ameshaanza kufunga faili. Nikasimama.

"Nani huyu?"

"Binti yake," karani akasema. "Amemsindikiza."

Nikasema nilikuwa nyuma yake hatua nne na nilimwona akiinua.

"Sauti, mama. Hapa si kanisani."

"Aliinua."

"Na kuotea unakujua wewe, au unajua kusonga ugali?"

Wakacheka. Nikawaeleza kuotea ni nini. Nikawaambia namba tisa alisimama wapi mwenzake alipoupiga mpira, nani aliyebaki mbele yake, na mpira ulipigwa kwa mguu gani. Walikuwa wameacha kucheka. Nikawaambia pia kwamba sisi ni watu wa upande wa Malaba, goli lile lilikuwa letu, na sikuwa na sababu ya kulikataa isipokuwa nililiona.

Mwenyekiti akamgeukia Baba. "Mzee Oluka, mtoto wako anasema uongo?"

Karani akaacha kuandika. Nilijua mahali nilipomweka Baba, kaka. Ama aniite mwongo mbele ya wenzake, ama ajikane. Sikumhurumia. Tangu Februari nimekuwa nikimhurumia na haikumsaidia kitu.

"Huyu hajawahi kusema uongo," Baba akasema.

"Basi uliinua."

"Niliinua."

"Na sasa hivi umetuambia hukuinua."

"Refa aliandika hivyo."

"Hatukukuuliza refa aliandika nini. Tulikuuliza wewe ulifanya nini."

Wamelifuta jina lake. Goli hawakuliweka hata kwenye sababu. Wamemfuta kwa kuidanganya kamati.

Wakaniuliza mimi kama najua refa aliona nini. Mkono wangu ulikuwa juu ya barua yako. Nikasema najua nilichokiona mimi, na refa aulizwe mwenyewe. Ripoti yako inarudishwa huko Nairobi pamoja na maneno yangu, na utaitwa. Usidhani niliificha barua kwa ajili ya beji yako. Nilitaka useme kwa mdomo wako.

Tulipobadilisha basi Bungoma Baba alinunua hindi moja la kuchoma, akanipa lote, akageuka.

Nina hasira nawe. Na naye nina hasira ambayo sijui niiweke wapi, kwa sababu ni Baba. Mlikubaliana bila kukaa chini kwamba jambo hili litazikwa, na mtu pekee mliyehangaika kumnyamazisha ni mimi ambaye hata darasani sikuwa nainua mkono.

Benta Amoit


Nairobi,
20 Julai 1975

Kwa Baba, Mzee Callistus Oluka,

Nakusalimu kwa heshima, pamoja na Mama na Bibi. Millicent amejifungua kabla ya wakati. Ni msichana, mdogo sana, lakini ananyonya vizuri. Tunangoja Bibi ampe jina.

Juma lililopita niliitwa na wakubwa wa marefa. Waliniuliza kama niliutazama mstari wako. Nikasema sikuutazama, tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho, na kwamba katika ripoti niliandika jambo ambalo sikuliona. Jina langu limetolewa kwenye orodha ya beji, na nimesimamishwa kupuliza kwa miaka miwili. Nimewaandikia Kakamega kuwaomba walirudishe jina lako. Bado hawajanijibu.

Najua Benta ndiye atakayekusomea barua hii.

Mwanao,
Paulinus


Kocholia,
10 Agosti 1975

Kaka Paulinus,

Tumefurahi kwa ajili ya mtoto. Bibi Akurut amempa jina la Apeduno, la mama yake yeye, na amekataa kunywa chai mpaka nilipoliandika mbele ya macho yake. Mama amemshonea shuka. Mahindi ya shamba la juu tumeshavuna.

Kakamega wamekujibu kupitia kwa Baba. Wamekataa. Wameandika kwamba mtu aliyekikana kibendera chake mwenyewe hawezi kupewa kingine. Nilimsomea, akaomba karatasi, akaiweka pamoja na vyeti vyake vya urefa.

Barua yako kwa Baba nilimsomea Jumapili tukitoka kanisani. Nilipofika pale uliposema hukuutazama mstari wake, akaniambia nirudie. Nikarudia mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Nilijua tangu dakika ya kumi," akachukua jembe kwa mkono wa kushoto akaenda shambani.

Nimeyafikiria maneno hayo wiki nzima na sijui niyafanye nini. Kama alijua dakika ya kumi, basi kwa zaidi ya saa nzima Baba alikimbia mstari ule huku akijua refa wake hamtazami. Na kila ilipostahili, aliinua. Mara ngapi sikumbuki, nilidhani unaona.

Ijumaa vijana wa Malaba walikuja kumwomba awapulizie mechi ya kirafiki, ambayo haihitaji mtu wa orodha. Mmoja akamtania, "Mzee, filimbi haina haja ya mkono." Baba aliwapa viti, akawapa maziwa, akawaambia watafute mtu mwenye jina. Walipoondoka alikaa pale uani mpaka nikaenda kuviondoa viti vyote isipokuwa chake.

Nimepata nafasi ya kufundisha shule ya msingi kule Chakol, bila cheti kwa sasa. Naanza muhula ujao. Wamenipa darasa la pili, watoto hamsini na wanne, na nitalazimika kupaza sauti.

Umesema kweli na imekugharimu, hilo nimeliona na nimeliandika. Lakini usiniandikie kwamba sasa tumetoka sawa. Ungeisema mwezi wa tatu, Baba asingelazimika kusimama Kakamega na kusema neno lile.

Mama anakusalimia na anataka picha ya Apeduno. Bibi anakusalimia. Mimi nakusalimia, ingawa hasira haijaisha na sitajifanya imekwisha. Baba nilimuuliza kama ana neno la kukutumia. Nilikaa na kalamu mkononi mpaka chai yake ikapoa, naye hakusema kitu. Kwa hiyo mahali pa salamu zake nimepaacha wazi. Siwezi kuandika nisichokisikia.

Benta Amoit